Kayonza njia panda: jinsi ya kugawa mizigo bila lori kurudi nyuma

KIGALI — Barabara itokayo Kigali kuelekea Mkoa wa Mashariki hupita Rwamagana hadi Kayonza, na hapo hugawanyika. Tawi moja hushuka Ngoma na Kirehe hadi mpaka wa Rusumo, Tanzania. Jingine hupanda Kabarore na eneo la Nyagatare hadi Kagitumba, mpakani mwa Uganda. Kagitumba hadi Rusumo kupitia Kayonza ni kilomita 208. Lori likishusha kusini kisha likatakiwa kumalizia kaskazini, dizeli ya kurudi Kayonza hailipwi na mteja yeyote.

Wanahisabati huuita mtandao wa namna hii mti, kwa kuwa kati ya vituo viwili ipo njia moja tu. Ukikata kipande kimoja cha njia kwenye karatasi, mti unagawanyika sehemu mbili. Suala ni ukate wapi, ili kila sehemu ibebwe na lori moja bila kuzidisha uzito.

Mwaka 1977 watafiti Kundu na Misra walichapisha algorithimu rahisi ambayo hata karani wa ghala anaweza kuifuata kwa kalamu. Anza kwenye ncha za matawi, rudi kuelekea shina ukijumlisha mizigo. Jumla ikizidi uwezo wa lori, kata tawi lililo zito kuliko mengine. Idadi ya sehemu zinazopatikana ndiyo ndogo kabisa inayowezekana bila kumgawa mteja.

Tuchukue mfano wa malori ya tani 10. Rwamagana wanataka tani 4, Kayonza 3, Ngoma 5, Kirehe 3, Kabarore 4 na Nyagatare 6. Kirehe na Ngoma ni tani 8. Nyagatare na Kabarore ni 10. Pamoja na mzigo wa Kayonza yenyewe jumla ni 21, imezidi. Kata tawi la kaskazini, zinabaki 11, bado zimezidi. Kata la kusini, zinabaki 3, ambazo pamoja na Rwamagana ni 7. Malori ni matatu: tani 10, 8 na 7.

Anayejaza kila lori hadi tani 10 kwa kufuata orodha ya oda, hata kwa kumgawa mteja, pia hupata malori matatu, lakini lori la pili litabeba sehemu ya mzigo wa Ngoma, mzigo wa Kirehe na Kabarore, na sehemu ya ule wa Nyagatare kwa pamoja. Hapo ndipo hasara ilipo.

Malori hayakulingana, na madereva wanaolipwa kwa tani watalalamika. Perl na Schach mwaka 1981 walionyesha namna ya kusogeza mikato kutoka shinani kuelekea ncha ili sehemu nyepesi iwe nzito kadiri inavyowezekana. Kwa mfano huu, tani 7 ndizo kikomo. Feldmann na Foschini nao walithibitisha baadaye kuwa kudai usawa kamili huku ukitaka mikato michache hufanya hesabu iwe ngumu mno hata kwa kompyuta, ila ukiruhusu tofauti ndogo inawezekana. Mfanyabiashara mwenye busara ataruhusu.

Magharibi mwa nchi mambo ni tofauti. Barabara ya kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rusizi kupitia Karongi hadi Rubavu, inaunganisha ncha za matawi na kufanya mzunguko. Huko msafirishaji hana budi kwanza kuamua ni kipande kipi malori yake hayatapita, ndipo aanze kujumlisha.