Punda afe, mzigo ufike? (Sehemu ya nne)

Wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Addis Ababa katikati ya Februari 2024 walipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Msomaji aliyefuatana nami tangu sehemu ya kwanza hatashangaa. Nilikwishaeleza namna ngozi inavyochemshwa ikatoka gundi ya ejiao, ambayo ni dawa ya asili ya Kichina, na jinsi wanunuzi walivyogeukia Afrika baada ya punda kupungua China kwenyewe. Leo nawageukia wenyeji, maana anayemvizia punda malishoni usiku, akamchuna na kuuacha mzoga kwa fisi, mara nyingi kaonyeshwa njia na mtu wa hapohapo.

Chanzo cha tabia hiyo nakiona katika msemo tunaourithisha watoto bila kufikiri: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Msemo huo una historia, na msomaji anivumilie niisimulie.

Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walipoondoka pwani mwaka 1857 walikuwa na punda wapatao 30. Wakafa mmoja baada ya mwingine njiani kabla ya kuliona Ziwa Tanganyika. Stanley, mpelelezi mwingine, alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 alichukua punda 27 na farasi wawili. Farasi hawakufika mbali. Habari za mbung'o na nagana, ugonjwa anaowaambukiza wanyama, nilizimaliza katika sehemu ya pili, sitazirudia.

Kisa kinachonishangaza kuliko vyote ni cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka 1879 aligharimia tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani, Dar es Salaam, chini ya kiongozi aitwaye Carter. Walitakiwa kubeba mizigo mpaka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na Ufipa yetu. Tembo wa kufugwa, tena katika nchi iliyojaa tembo! Wakabebeshwa mno na kulishwa ovyo. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi. Carter mwenyewe aliuawa Mpimbwe mwaka 1880. Mwaka huohuo mpelelezi Joseph Thomson, akipita Ufipa, aliliona Ziwa Rukwa kutoka milimani, akalibandika jina la Ziwa Leopold. Mfalme ambaye hakuwahi kuikanyaga nchi hii alipewa ziwa, na tembo waliokufa kwa ajili yake wakasahauliwa.

Wanyama walipokwisha, zamu ikawa ya watu. Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza lililotoka Rhodesia ya Kaskazini liliiteka kwa Wajerumani Bismarckburg, ambayo ni Kasanga ya leo. Nyuma ya kila bunduki walikuwapo wapagazi, wengine wamechukuliwa kwa nguvu katika vijiji vya pande hizi. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki Waingereza waliandikisha wapagazi karibu milioni moja, na waliokufa walipita 90,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Mtu akishazoea kuthamini mzigo kuliko anayeubeba, huanza na punda, lakini haishii kwa punda.

Sasa tuje kwetu Mpui, Ufipa, mkoani Rukwa. Uwanda wetu umeinuka na una baridi, mbung'o hakuupenda, kwa hiyo ng'ombe wamestawi hapa tangu zamani za watemi. Punda aliongezeka baadaye, hasa pamoja na wafugaji wa Kisukuma waliohamia Rukwa kuanzia miaka ya 1970. Ndiyo maana ng'ombe ana zizi na mchungaji, lakini punda akishafunguliwa kwenye mkokoteni hufungwa kamba miguuni, akaachwa ajitafutie nyasi mpaka asubuhi. Kamba ileile inayomzuia asipotee inamzuia pia asimkimbie mwenye kisu.

Na punda si mnyama wa kurudishwa haraka. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kufaa kazi nzito. Kenya ilijifunza kwa maumivu. Sheria yake ya mwaka 2012 ilimwingiza punda katika wanyama wa kuchinjwa, machinjio manne yakafunguliwa, na punda wa Tanzania nao wakavushwa mpaka kwa magendo kwenda huko. Februari 2020 serikali ya Kenya ikaamuru uchinjaji ukome. Kwetu machinjio ya Dodoma na Shinyanga yalisimamishwa Desemba 2022. Lakini mlango wa machinjio ukifungwa bila soko la ngozi kufa, kazi huhamia porini.

Hapo ndipo vijana wa kijiji huanza kumtafuta mgeni wa kumpiga. Nawaomba wasome habari za Great Wyrley, kijiji cha Uingereza. Mwaka 1903 farasi, ng'ombe na kondoo walikuwa wakikutwa asubuhi wamechanwa matumbo malishoni. Polisi walimkamata George Edalji, wakili kijana, mtoto wa kasisi mwenye asili ya India, akahukumiwa miaka saba. Wanyama waliendelea kuchanwa huku yeye yuko mahabusu! Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes, alionyesha kwamba macho ya kijana huyo yalikuwa mabovu kiasi kwamba asingeweza kuvuka mashamba usiku wa giza. Edalji alisamehewa mwaka 1907, na mwaka huohuo Uingereza ikaanzisha mahakama ya rufaa ya jinai. Wanakijiji walimwona wa kushukiwa kwa sababu hakufanana nao, wakaacha kuangalia nani anayajua mashamba yao gizani.

Hapa kwetu Edalji angekuwa nani? Msukuma aliyehamia juzi, au mfanyabiashara wa mnadani. Kumbe mgeni hawezi kujua punda wa nani analala wapi bila kuambiwa na mwenyeji aliyepewa chochote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria zipo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 268, inamtaja punda miongoni mwa mifugo ambayo wizi wake ni kosa zito. Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ile ya utambuzi na usajili wa mifugo ya mwaka 2010. Hereni za kielektroniki zilipoletwa, bei ya ng'ombe na punda ilikuwa shilingi 1,750 kwa kila mmoja. Wafugaji wakalalamika, zoezi likasitishwa. Malalamiko yao nayaelewa, ila kijiji hakikatazwi kujipanga chenyewe.

Mtendaji wa kijiji na afisa mifugo waandike kila punda, jinsia yake, rangi yake na chapa yake. Usiku walale katika zizi moja la miiba kwa kila kitongoji, na wenye punda wapeane zamu za kulinda. Anayenunua punda aonyeshe kibali cha kusafirisha mifugo mbele ya mwenyekiti, mchana. Mzoga ukionekana, usiguswe mpaka polisi na afisa mifugo wafike. Anayeshukiwa afikishwe kituoni, asipigwe.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mkutano mkuu wa kijiji umweke punda kwenye ajenda, jambo ambalo wengi watalicheka. Wacheke, kisha wahesabu magunia ya mahindi wanayobebewa kila mavuno, na waseme nani atayabeba punda akiisha. Jibu la swali hilo wanalo mama zetu, ambao vichwa vyao vitarudishiwa kuni na maji. Sehemu ijayo nitazungumzia mzigo wenyewe: punda abebe kiasi gani, na nani alitufundisha kumpiga.