Sijala, Nimekunywa Uji Tu

Saa kumi na mbili asubuhi Baba Mkubwa alikuwa wa pili kwenye benchi. Tulitoka Mbagala kungali giza ili tuikwepe foleni. Majibu ya vipimo tulikuwa nayo mkononi, malipo yalikwisha kamilika, na ngiri ya kinena iliyomsumbua miaka minne ilikuwa ifanyiwe upasuaji asubuhi hiyo, jioni arudi kwake. Muuguzi akaja na faili.

"Mzee, umekula chochote tangu jana usiku?"

"Sijala, mwanangu. Nimekunywa uji tu."

Ulikuwa uji wa ulezi, wenye maziwa na karanga za kusaga, kikombe kikubwa cha bati. Mama Mkubwa aliukoroga saa kumi alfajiri kwa huruma, maana mtu haendi kupasuliwa tumbo likiwa tupu. Muuguzi akalifunga faili, tukapewa tarehe nyingine, wiki tatu mbele. Baba Mkubwa alinuna njia nzima, na mimi namwelewa: kwa Kiswahili chake hakusema uongo. Uji hauliwi, hunywewa. Hata chai kwetu ni neno lenye mambo mengi. Mtu akikwambia amekunywa chai, ndani yake huenda mna maziwa, chapati mbili na maharage ya jana.

Swali la muuguzi ni la haki, ila ningependa liulizwe hivi: "Tangu jana usiku, nini kimepita kinywani mwako?" Hapo uji ungejitaja wenyewe.

Sababu ya masharti haya ya kutokula iko kooni. Ukiwa macho, ukipaliwa unakohoa, na kikohozi hicho ndicho mlinzi wa mapafu. Nusu kaputi humlaza mlinzi pamoja na mwenye nyumba. Kilichomo tumboni kikipanda wakati huo, hakuna wa kukizuia kisiingie njia ya hewa. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alichapisha hesabu za wajawazito 44,016: kati yao 66 waliingiwa mapafuni na vitu vya tumboni wakiwa katika usingizi wa dawa. Wawili walikufa kwa kuzibwa pumzi na chakula kigumu. Mendelson akaenda mbele zaidi akajaribu kwa sungura, akaona kwamba asidi ya tumboni peke yake, bila hata punje ya chakula, inatosha kuyaunguza mapafu.

Ndiyo maana wataalamu wa usingizi huhesabu saa. Chakula chepesi kinahitaji angalau saa 6 kabla ya dawa ya usingizi. Chenye mafuta mengi, kama chapati, sambusa au nyama ya kukaanga, saa 8 au zaidi. Maziwa huhesabiwa chakula, kwa kuwa yakikutana na asidi ya tumbo huganda yakawa mabonge. Mtoto anayenyonya hupewa saa 4 baada ya ziwa la mama. Maji matupu, au chai ya rangi isiyo na tone la maziwa, kwa mtu mzima mwenye afya huruhusiwa mpaka saa 2 kabla.

Tuiweke kwa saa zetu. Upasuaji ukipangwa saa mbili asubuhi, mlo wa mwisho uwe wa jioni iliyotangulia, na maji ya mwisho yawe saa kumi na mbili asubuhi. Waliozoea kufunga Ramadhani hulichanganya hili kirahisi, kwa sababu kule mtu hula daku kisha akaacha maji, na huku ni kinyume: daku hakuna, maji yapo. Nasisitiza maji kwa kuwa nimewaona wazee wakiingia thieta midomo imekauka na mishipa imejificha, muuguzi anatafuta pa kuweka dripu mara ya tatu, eti waliambiwa "usile" wakaacha na kunywa tangu magharibi. Uliza kliniki waziwazi: maji mwisho saa ngapi? Mwenye kisukari, mjamzito au mwenye kiungulia kikali huenda akapewa saa tofauti, kwani tumbo lake hukawia kumwaga. Afuate za kwake.

Wapo wanaosema, "Mimi napigwa ganzi ya mgongo tu, silali." Ganzi ikikataa kushika, au kazi ikirefuka, mtaalamu wa usingizi atakulaza hapo hapo. Tumbo liwe tayari kwa yote mawili.

Lakini kosa la asubuhi ile halikuwa la Mama Mkubwa. Masharti nilielezwa mimi na mgonjwa, kliniki, dirishani, kwa haraka. Mwenye sufuria hakuelezwa na mtu. Mgonjwa aliyelazwa wodini, muuguzi huzuia chakula, huhesabu dawa, hutazama kidonda usiku. Katika upasuaji wa kwenda na kurudi, kazi zote hizo huhamia nyumbani kwako, na watakaozifanya ni mke, binti, mjukuu au mpangaji mwenzako. Jambo hili si geni. Mwaka 1909 daktari James Nicoll wa Glasgow, Uskoti, alieleza jinsi walivyofanya upasuaji 8,988 kwa watoto ambao hawakulazwa hospitalini, wengi wao wadogo sana, wengine wa ngiri kama hii ya Baba Mkubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto mchanga hupata uuguzi mzuri kwa mama yake mzazi. Basi anayeuguza naye aje kliniki asikie kwa masikio yake.

Wiki zile tatu zilitufaa. Nilipokuwa nikimsaidia kupanga vitu, nilikuta chini ya kitanda chupa ya maji iliyojaa mizizi, maji yake mekundu kama kahawa ya jana. Dawa ya ngiri. Alikuwa akiinywa mwaka mzima bila kumwambia daktari. Ngiri ya kinena ni upenyo katika ukuta wa misuli ya tumbo, na utumbo hupita humo kama kitambaa kinavyochungulia kwenye tundu la mfuko. Upenyo huo haufungwi na kitu cha kunywa. Lililonitia wasiwasi zaidi ni kwamba hatukujua chupa ile ina nini, wala ingegombana vipi na dawa za usingizi au kuganda kwa damu. Ichukue chupa uende nayo, iweke mezani pamoja na vidonge vyako vyote. Madaktari wamekwisha kuona chupa za namna hiyo, hawatakucheka.

Vidonge navyo vina mambo yake. Aspirini hudhoofisha chembe za kugandisha damu kwa siku 7 hadi 10, yaani mpaka mwili utengeneze nyingine. Hata hivyo usiiache kwa uamuzi wako, maana kwa mwenye maradhi ya moyo kuiacha ghafla kunaweza kuwa hatari kuliko damu itakayotoka. Dawa nyingi za presha humezwa asubuhi ile kwa funda la maji, baadhi husimamishwa. Za kisukari, hasa insulini, hupangwa upya kwa sababu huli. Andikiwa kwenye karatasi, kwa jina la dawa na saa yake. Sigara na mirungi uziache mapema kadiri uwezavyo, na uyaseme yote mawili ukiulizwa.

Na wembe, tafadhali, uache. Baba Mkubwa alikwisha kununua mpya, ajinyoe kinena ili awarahisishie kazi. Wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na vijidudu hupata pa kuingilia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, linataka nywele ziachwe, au zikibidi kuondolewa zikatwe kwa mashine, zisinyolewe. Kuoga vizuri kwa sabuni kunatosha. Kina mama nao wafute rangi za kucha na waahirishe piko: kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni hupitisha mwanga, na rangi nzito inaweza kuuzuia.

Tarehe ya pili ilipofika, Baba Mkubwa aliulizwa jina lake mara tatu na watu watatu, na upande wa ngiri mara tatu, kulia. Akaanza kuchoka: "Hawa hawaandikiani?" Nilimwambia asichoke, ajibu kila mara kwa sauti, na ahakikishe alama ya kalamu iko kulia. Maswali yale yana asili iliyo karibu na kwetu. Kati ya 2007 na 2008 hospitali nane duniani zilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Timu husimama kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka, na katika kusimama kwa kwanza mgonjwa mwenyewe hujibu. Matatizo baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Saa tano alikuwa ametoka thieta. Hakuruhusiwa kwenda mpaka akojoe, kwa sababu ganzi ya mgongo aliyopigwa huweza kukilaza kibofu pia, na hilo lilichukua muda mrefu kuliko upasuaji wenyewe. Kurudi tulikodi gari. Bodaboda na mashimo ya mtaani si ya kidonda kibichi. Nyumbani alitandikiwa chumba cha mbele, karibu na choo. Tulikwisha kubaliana nani atalala naye, nani atachota maji, maana ndoo hatainua kwa wiki kadhaa, na mapapai yalikuwapo mezani ili asije akajikamua chooni. Ukutani tulibandika namba ya simu ya wodi na mambo ya kutopuuza: damu kulowesha bandeji, homa, kidonda kuvimba na kutoa usaha, mkojo kukataa, maumivu kushinda dawa. Siku nzima ya kwanza baada ya dawa za usingizi mtu haendeshi chombo cha moto, wala hawekewi karatasi ya kusaini, hata akisema yuko sawa.

Kabla hatujaondoka hospitalini, Mama Mkubwa alipiga simu. Tangu alfajiri hakuwasha jiko. Aliomba nimpe muuguzi, nikampa.

"Mwanangu, sasa uji naruhusiwa?"

"Sasa koroga, mama," muuguzi akamjibu. "Mpe kidogo kidogo."