Jasho la Mkulima na Nusu ya Bwana

Mto Allier wa Ufaransa hutoka milimani kusini, hupita Vichy na Moulins, kisha huungana na mto Loire karibu na Nevers. Nchi ya Bourbonnais, unakopita mto huo, ni nchi ya ngano, malisho na ng'ombe weupe wa Charolais. Mgeni aionapo hudhani kuwa wenyeji wake hawakujua dhiki. Neema ilikuwako, ndugu msomaji. Lakini ilikuwa neema ya nani?

Hadi mwanzo wa karne ya 20, wakulima wengi wa huko hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la bwana, wakagawana naye mazao nusu kwa nusu. Na juu ya nusu yake bwana alidai fedha kila mwaka. Mara nyingi bwana mwenyewe alikaa mjini. Mashamba yake yote aliyakodisha kwa mtu wa kati, naye huyo akawakamua wakulima ili apate faida yake. Mkataba ulipokwisha, siku ya Mtakatifu Martin, Novemba 11, jamaa nzima ilipakia vyombo garini ikahamia kwa bwana mwingine.

Émile Guillaumin, aliyezaliwa mwaka 1873 katika kijiji cha Ygrande, aliacha shule angali mtoto. Mchana alishika jembe, usiku alishika kalamu. Mwaka 1904 alitoa kitabu chake La Vie d'un simple, kinachosimulia maisha ya mkulima wa nusu kwa nusu. Lakini hakutosheka na sifa za wasomaji. Yeye na wenzake waliunda chama cha wakulima huko Bourbon-l'Archambault, wakadai kodi ile ya fedha iondolewe na watu wa kati waondoke. Chama hicho kilidhoofika kabla ya vita vya 1914. Madai yake hayakufa.

Mwaka 1946, Guillaumin angali hai, sheria ya Ufaransa iliamua kwamba sehemu ya mwenye shamba isizidi theluthi moja, mkataba usipungue miaka 9, na shamba likiuzwa, anayelilima apewe nafasi ya kwanza kulinunua.

Je, kazi ilikwisha? Hata kidogo. Bwana alipopunguzwa nguvu, ilikuja mashine, na pamoja nayo deni. Mwaka 1955 Ufaransa ilikuwa na mashamba zaidi ya 2,000,000. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu chini ya 400,000. Waliobaki wengi wamejifunza kununua mashine kwa ushirika, chini ya mpango uliowekwa kisheria mwaka 1945, na leo vyama hivyo vyapita 10,000. Trekta ambalo mmoja halimudu, jirani kumi hulimudu.

Sheria humlinda mkulima asifukuzwe shambani. Kumwezesha kubaki humo ni kazi ya umoja.