Muyaka Alitaka Jibu

Mkazi wa Tononoka, Mombasa, yuko mwendo mfupi wa miguu kutoka Ngome ya Yesu, ambayo Wamazrui na Seyyid Said wa Omani waliigombania enzi za Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840. Kwa mahali, mkazi huyo na Muyaka ni majirani. Katika kusoma wametenganishwa. Akilishika shairi la Muyaka, aghalabu ni kwa sababu ya mtihani: ahesabu mizani, ataje bahari, achambue tamathali. Alipoguswa wapi, au alikasirishwa na nini, hakuna anayemwuliza. Naona hapo tunakosea, tena tunaipa kisogo desturi ya Mombasa yenyewe.

Muyaka alitunga juu ya vita, mapenzi, shida na watu wa mji wake, na beti zake nyingi zilikuwa za kumchokoza mtu ajibu. Katika uhasama wa Mombasa na Lamu uliofikia vita vya Shela, Zahidi Mngumi naye alitunga akiwa upande wa Lamu. Msikilizaji wa wakati huo hakukaa pembeni; aliyechomwa na ubeti aliweza kuurudisha kwa ubeti. Hata kuhifadhiwa kwa mashairi haya kulitokana na watu waliokuwa wameyashika moyoni. Miongo kadhaa baada ya Muyaka kufa, Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na kuyafafanua akishirikiana na mmisionari William Taylor, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Kama yasingewagusa watu, Mwalimu Sikujua angekusanya nini?

Wapo watakaosema kwamba msomaji wa leo hana haki ya kuguswa na asichokielewa. Hoja hii ina uzito. Katika Kimvita cha zamani, “ndoo” huweza kuwa “njoo”, na “teka” ikawa “cheka”. Asiyejua atamwona mtu anateka maji kwa ndoo mahali ambapo mtu anaitwa, au anacheka. Kwa hiyo sherehe za maneno magumu na kamusi ni lazima. Lakini zinakuja kumhudumia mtu aliyekwisha kushtuliwa na neno akataka kulijua. Tukimlundikia maelezo kurasa kumi kabla ya ubeti wa kwanza, tunamfundisha kwamba shairi ni mzigo wa wataalamu.

Pingamizi la pili ndilo gumu zaidi: kila mtu akisema alivyohisi, je, shairi halitapewa maana yoyote ile mtu atakayo? Jibu limo ndani ya kujibizana. Anayejibu hushika bahari ya mwenzake, mara nyingi na vina vyake, na hulenga maneno yaliyosemwa, si aliyoyaota. Msomaji naye adaiwe hivyo hivyo: aoneshe neno lililomchoma, kisha atetee alivyolielewa.

Tazama “Mnazi: Vuta N’kuvute” katika Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946 na kufungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka wa “Kenya: Twendapi?”. Mashairi hayo aliyatunga gerezani, akayaandika kwenye karatasi za chooni, na yakatoka kitabuni mwaka 1973. Katika “Mnazi” ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mti. Msomaji mmoja ataona urithi wa nyumbani, mwingine ataona nchi na walioishika. Wote wawili wanaweza kuwa na haki, mradi kila mmoja arudi kwenye kauli za Alii na Badi, aoneshe mti unadaiwa kwa hoja gani. Atakayeona hadithi ya mapenzi atakwama mapema, kwa kuwa maneno ya ndugu hao hayatamkubalia. Na aliyemwonea Badi huruma, au Alii, ana la kueleza ambalo hesabu ya mizani haitalifikia: kwa nini kauli ya huyu ilimwingia, na ya yule ikampita.