Kunata kwa Seli na Jina la Kilifi

Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi vya kueleza jinsi vitu viwili vinavyogusana visiachane. Utomvu wa fenesi hunata, mkwezi huukumbatia mnazi, jamaa hushikamana, na ndege hunaswa kwa ulimbo. Vitenzi hivi havina maana moja, na tofauti zake yafaa zikumbukwe na yeyote atakaye kueleza kwa Kiswahili tawi lile la biolojia lichunguzalo namna seli za mwili zinavyoshikana. Ulimbo haubagui, bali hunasa kila kiutuacho. Seli hazishikani hivyo. Seli hushikana kwa kuchaguana, na kazi ya kuchagua hufanywa na protini zilizochomoza nje ya utando wake. Miongoni mwa protini hizo imo ile ambayo wataalamu huiita ICAM-1, yaani molekuli ya kwanza ya kuambatisha seli kwa seli. Katika Afrika ya Mashariki molekuli hii ina sababu yake ya kuangaliwa, kwa kuwa umbo lake mojawapo limepewa jina la mji wa pwani ya Kenya.

ICAM-1 ilitambuliwa mwaka wa 1986 na Robert Rothlein, Timothy Springer na wenzao huko Boston, Marekani. Yaweza kufananishwa na kijiti kilichoungwa kwa vipande vitano, ambacho shina lake limekita katika utando wa seli na ncha yake imeelekea nje. Hupatikana, pamoja na penginepo, katika seli zilizotanda ndani ya mishipa ya damu. Mtu akiwa mzima, protini hii huwa chache mahali hapo. Pakitokea jeraha au uambukizo, mwili humwaga kemikali za kutangaza hatari, mojawapo ikiwa ile iitwayo TNF, na baada ya saa chache seli za mishipa ya mahali palipodhurika huwa zimejaa ICAM-1.

Shabaha ya wingi huo ni kuzisimamisha chembe nyeupe za damu. Chembe hizi husafiri kwa mwendo wa damu yenyewe, na haziwezi kutoka mshipani kwenda penye kidonda pasipo kusimama kwanza. Mwanzoni hubiringika taratibu ukutani mwa mshipa, zikishikwa na kuachiliwa na protini za namna nyingine. Kisha protini yao wenyewe, LFA-1, huikamata ncha ya ICAM-1, nazo hutulia na kupenya nje. Uzito wa jambo hili huonekana kwa watoto wachache sana wanaozaliwa na upungufu wa protini za jamii ya LFA-1. Kwa desturi kitovu cha mtoto mchanga hudondoka katika wiki ya kwanza au ya pili. Cha watoto hawa aghalabu hukawia zaidi. Vidonda vyao havitungi usaha, ilhali damu yao imejaa chembe nyeupe tele zisizo na njia ya kushuka. Mkunga ahesabuye siku za kitovu kudondoka huwa anapima, bila ya yeye kujua, utendaji wa protini hizi.

Lakini mlango ukishawekwa, si lazima abishaye hodi awe mwenyeji. Mwaka wa 1989 ilithibitishwa kwamba virusi vingi vya mafua ya kawaida, vya kundi liitwalo rhinovirusi, huingia katika seli za pua kwa kuishika ICAM-1. Mwaka huohuo Anthony Berendt na wenzake walionyesha kwamba chembe nyekundu zilizoingiwa na kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, nazo zaweza kuishika molekuli hiyohiyo.

Habari ya malaria yastahili kukaliwa zaidi. Kimelea hiki hukaa ndani ya chembe nyekundu kwa muda wa saa 48 hivi kabla ya kuipasua. Katika nusu ya pili ya muda huo chembe hubadilika umbo na ugumu, na lau ingeendelea kuzunguka ingekamatwa na kuangamizwa katika wengu. Ili kuepa wengu, kimelea hupeleka juu ya uso wa chembe protini yake iitwayo PfEMP1, ambayo huiambatisha chembe kwenye ukuta wa mshipa mwembamba. Kimelea kimoja kina jeni zipatazo 60 za kutengenezea protini hiyo, naye huzitumia kwa zamu. Kinga ya mwili ikishaizoea sura moja, huvaa nyingine. Baadhi ya sura hizo hushika ICAM-1, nyingine hushika molekuli tofauti. Chembe nyingi zikikwama katika mishipa ya ubongo, njia ya damu huzibika na mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mtoto mdogo, huzimia. Hiyo ndiyo malaria ya ubongo. Lililo baya zaidi ni kwamba malaria yenyewe huongeza TNF, na TNF huongeza ICAM-1, hata mwili ukawa unamzidishia adui yake mahali pa kujishikiza.

Ndipo likazuka swali: je, watu waliokaa na malaria kwa maelfu ya miaka hawakubadilika katika molekuli hii, kama walivyobadilika katika himoglobini ya selimundu? Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya na washirika wake walianzisha kituo mwaka wa 1989, ulitoa jibu mwaka wa 1997. Lilipatikana badiliko katika kipande cha kwanza cha ICAM-1, kilicho nchani: asidi-amino ya 29, ambayo kwa kawaida ni laisini, imekuwa methionini. Badiliko hilo liliitwa ICAM-1 Kilifi. Ni la kawaida miongoni mwa Waafrika na adimu sana Ulaya. Ilitazamiwa kwamba litakuwa kinga, lakini hesabu za Kilifi zilionyesha kinyume: watoto waliolirithi kwa baba na kwa mama walielekea zaidi kupatwa na malaria ya ubongo.

Jibu hilo halikudumu bila kupingwa. Huko Gambia, mwaka wa 1998, uhusiano huo haukuonekana. Huko Gabon, mwaka wa 1999, badiliko lilielekea kuwa kinga. Mwaka wa 2008 utafiti mpana zaidi, uliochanganya watu wa Gambia, Malawi na Kenya, haukuona uhusiano wowote baina ya jeni ya ICAM-1 na malaria kali. Katikati ya hayo, mwaka wa 2005, watoto wa Kenya wenye badiliko hili walionekana kupatwa na homa chache zisizo za malaria. Huenda basi lilienea kwa sababu ya maradhi mengine kabisa. Maabara nazo zimeonyesha kwamba umbo la Kilifi huishika LFA-1 kwa ulegevu zaidi. Hakuna ajabu katika kugongana huku kwa majibu. Kimelea kina nyuso nyingi na njia nyingi za kunata, na molekuli moja haibebi peke yake ugonjwa mzima.

Kuziba njia ya kunata kwa dawa nako kumekuwa na bei yake. Dawa ya efalizumab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka wa 2003 kwa ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, iliizuia LFA-1 isishike ICAM-1. Iliondolewa sokoni mwaka wa 2009 baada ya baadhi ya watumiaji kupatwa na uambukizo wa virusi katika ubongo, kwa maana ulinzi uliofungiwa njia kwenye ngozi ulikuwa umefungiwa pengine pia.

Imebaki kazi ya lugha, nayo si ndogo. Dai la mwaka wa 1997 limelegea, lakini jina limeganda katika vitabu vya sayansi. Mwandishi wa Kiswahili atakayetafsiri kwa haraka ataandika “jeni ya Kilifi”, na msomaji wa Kilifi atadhani ukoo wake umetajwa kwa kasoro. Badiliko hili si la Wagiriama wala la Waswahili wa Kilifi pekee. Wanalo watu wa nchi nyingi za Afrika, na wengi wao ni wazima. Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha kitu na mahali kilipoonwa kwanza, na “umbo la ICAM-1 lililogunduliwa Kilifi”, ijapokuwa ni refu, husema hivyo bila kumnyooshea mtu kidole. Kuhusu kitenzi, “kuambata” chafaa zaidi kwa kazi ya chembe nyeupe kuliko “kunata”, ambacho kibaki kwa utomvu na ulimbo; ingawa kwa chembe iliyoingiwa na kimelea, ikigandamana ukutani mwa mshipa wa ubongo, mtu hawezi kulaumiwa akisema imenata.