Mgeni wa miezi mitano bungeni

Agosti 7, 2019, Zuleikha Hassan, wakati huo Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa jijini Nairobi akiwa amembeba bintiye wa miezi mitano. Hakukaa sana. Christopher Omulele, aliyekuwa amekalia kiti cha Spika, alimwamuru atoke. Angeweza kurudi, ila bila mtoto. Kelele zikazuka, na baadhi ya wabunge wanawake wakatoka naye.

Kanuni za Bunge humwita mtu asiye mbunge "mgeni", na mgeni hakai penye viti vya wabunge. Mtoto anayenyonya naye akahesabiwa mgeni. Hassan alieleza kwamba alikuwa amepatwa na dharura siku hiyo, na kwamba bungeni hapakuwa na mahali pa kumwacha mtoto. Kumbe Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, iliyotungwa na Bunge lenyewe, inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kazini.

Kwale inapakana na Tanga. Mama anayevuka Horohoro kwenda Lungalunga na mzigo kichwani na mtoto mgongoni haulizwi na mteja kwa nini amekuja sokoni na mwana. Lakini kodi atakayolipa hupangwa na watu walioruhusiwa kubaki ukumbini.

Upande wa Tanzania, Juni 1, 2021, aliyekuwa Spika, Job Ndugai, alimtoa nje Condester Sichalwe, mbunge wa Momba, baada ya mbunge mwenzake kulalamikia suruali aliyovaa. Momba nayo iko mpakani, jirani na Zambia. Siku hiyo wananchi wake walikosa sauti kwa muda kwa sababu ya vazi.

Idadi nayo ina uzito wake. Katika uchaguzi wa 2017, majimbo 290 ya Kenya yalichagua wanawake 23 tu, ingawa Katiba ya 2010 inakataza jinsia moja kuzidi theluthi mbili. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza sharti hilo. Halikuvunjwa. Rwanda, ambayo Katiba yake inawatengea wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi za uamuzi, ilipata wanawake 49 kati ya wabunge 80 mwaka 2018. Wingi huo peke yake haujengi chumba cha mtoto, lakini hoja ya chumba hicho haikosi wa kuiunga mkono.

Kwenye lugha, Kenya imepiga hatua. Katiba inataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge, na Kanuni za Kudumu sasa zinapatikana kwa Kiswahili. Hata hivyo, mbunge akianza kuchangia kwa lugha moja sharti amalize kwa hiyohiyo. Mfanyabiashara wa Namanga, anayekubaliana bei kwa Kiswahili na kujaza fomu za forodha kwa Kiingereza, angekatizwa kabla ya kufika katikati ya hoja yake.