Kindu: Adabu ya barua pepe haimhusu mwombaji kazi peke yake

Mwombaji kazi anayeishi Alunguli, ukingo wa kulia wa mto Lualaba, akitaka kupeleka barua ya karatasi kwenye ofisi zilizoko Kasuku au Mikelenge, huvuka maji akiwa na nakala mbili ndani ya bahasha. Moja inabaki kwa karani. Ya pili inapigwa muhuri, inaandikwa tarehe na kutiwa sahihi, naye anarudi nayo nyumbani. Nakala hiyo, ambayo mjini Kindu huitwa kwa Kifaransa "accusé de réception", haiahidi kazi yoyote. Inathibitisha tu kwamba barua imefika na kuna mtu aliyeipokea.

Siku hizi mashirika yasiyo ya kiserikali, kampuni na miradi ya afya mara nyingi hutaka maombi yatumwe kwa barua pepe. Mwombaji ameokoa nauli ya kuvuka mto, lakini muhuri nao umepotea. Na chini kabisa ya matangazo mengi ya kazi kuna sentensi ambayo vijana wanaijua kwa moyo: ni wale tu watakaochaguliwa watakaojulishwa.

Adabu ya barua pepe inapozungumziwa, lawama kwa kawaida humwangukia kijana anayeandika. Nyingine ni za haki. Wapo wanaotuma ujumbe mtupu wenye viambatisho vinne, bila salamu, bila jina, bila kueleza wanaomba nafasi gani. Wengine huandika kama wanavyoandikiana kwenye WhatsApp: "Bjr, voici mon CV", basi. Wengine huandika kila kitu kwa herufi kubwa, na msomaji anahisi anapigiwa kelele. Kuna pia anwani za utani zilizofunguliwa wakati wa sekondari na ambazo mwenyewe, leo akiwa na diploma ya chuo kikuu, hajafikiria kuzibadilisha.

Kinachosikitisha ni kwamba watu hawa hawa, wakiandika kwenye karatasi, hawakosei. Barua ya ofisini nchini Kongo ina desturi zake zinazojulikana tangu zamani: mahali na tarehe juu, cheo cha anayeandikiwa, kisha neno "Concerne" likifuatwa na jambo lenyewe kwa maneno machache. Hiyo "Concerne" ndiyo nafasi inayoitwa "Objet" kwenye simu au kompyuta iliyowekwa Kifaransa. Anayeajiri hufungua sanduku lenye ujumbe mwingi na, kabla ya kugusa chochote, anaona vitu vitatu tu: jina la mtumaji, hiyo "Objet" na maneno ya kwanza. Tangazo likiwa limetoa nambari ya nafasi, nambari hiyo iandikwe hapo, kama ilivyo, pamoja na jina la kazi. Nafasi ikiachwa wazi, ni sawa na bahasha isiyoandikwa kitu kwa nje.

Viambatisho navyo vina adabu yake, na Kindu ina sababu ya kuijali zaidi kuliko miji mingine. Umeme hauaminiki, na watu wengi hupata intaneti kwa kununua mega za simu. Diploma iliyopigwa picha kwa simu, kurasa sita, kila moja ikiwa na uzito wake, inamla pesa anayetuma na anayepokea. Gmail hairuhusu ujumbe kupita megabaiti 25, lakini kikomo hicho si ruhusa ya kukifikia. Kwenye vyumba vya kupiga chapa na kufotokopi wanaweza kukusanya kurasa zote katika faili moja nyepesi ya PDF. Na faili hilo lipewe jina la mwenyewe, tena kwa mpangilio wa Kongo wa jina, jina la baada na jina la ubatizo, kama yalivyo kwenye diploma. Anayeajiri akipokea mafaili thelathini yote yakiitwa "CV", ni yeye atakayelazimika kuyatafutia wenyewe.

Salamu ni jambo gumu zaidi. Kwa Mswahili, kuingia kwenye shida yako kabla ya kuuliza habari ni utovu wa adabu. Kwa upande mwingine, Kifaransa cha ofisini kimewaachia watu ile fomula ndefu ya kumaliza, yenye "sentiments distingués". Matokeo yake ni barua pepe ambazo robo tatu ni heshima na robo ndiyo habari. Kwa mtu usiyemfahamu, "Madame" au "Monsieur" pamoja na cheo chake, kisha moja kwa moja kwenye jambo, inatosha, na mwishoni "Cordialement" au fomula fupi haimvunjii mtu heshima. Kwa mwenzako wa kazi hali ni tofauti. Ukimwandikia mtu wa Kasongo au Punia mnayefanya naye kazi kila wiki bila hata neno la habari za huko, atadhani umemkasirikia.

Mtego mwingine unatokana na karatasi yenyewe. Barua za Kongo hubeba orodha ya "transmis copie pour information", kuanzia gavana kushuka chini, na hakuna anayeona vibaya. Ni heshima kwa ngazi za uongozi. Kwenye barua pepe, kumweka mkuu wa mtu kwenye "Cc" katika ujumbe wa kwanza kabisa husomeka kama mashtaka. Inafaa kumwandikia mhusika peke yake kwanza. Ofisi nazo zinapowaita wagombea arobaini kwenye mtihani kwa ujumbe mmoja, anwani zao ziwekwe kwenye "Cci", ili mmoja asione za wengine. Kuheshimu data za watu si hiari tena: Kongo ina Kanuni ya Dijitali, iliyotolewa kwa amri-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inalinda data binafsi.

Na saa, jambo dogo linaloharibu mikutano mingi. Kindu iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Anayeandika "tukutane 9h00" bila kusema ni 9h00 ya wapi amemwacha mmoja akisubiri mbele ya simu, mega zikiisha.

Yote haya mwombaji anaweza kujifunza kwa siku moja. Upande wa pili ndio haujifunzi. Ile sentensi ya "waliochaguliwa tu" inaeleweka pale ofisi inapopokea maombi mengi na ina mtu mmoja wa kuyasoma. Lakini karani wa Mikelenge pia ni mmoja, na anapiga muhuri kila nakala anayoletewa, hata ya yule ambaye hataitwa kamwe. Kijana aliyetuma kwa barua pepe hajui kama faili lilifika, kama lilikwama, au kama anwani kwenye tangazo ilikosewa herufi. Kwa hiyo anatuma tena. Kisha mara ya tatu. Kisha anaonekana msumbufu.

Dawa yake haigharimu franga hata moja. Gmail na huduma nyingine za barua pepe zina jibu la moja kwa moja, ambalo huwekwa mara moja kwenye mipangilio na kujituma lenyewe. Mistari mitatu inatosha: maombi yako tumeyapokea, uchaguzi utamalizika tarehe fulani, usipopata habari kufikia siku hiyo ujue nafasi imepata mtu. Mwombaji wa Alunguli anaweza hata kuichapisha kwenye fotokopi na kuiweka ndani ya ile bahasha yenye nakala zake za zamani zilizopigwa muhuri.